Kasiani Aliimeza Dawa

Mjukuu wangu Adelgunda,

Nani amekufundisha ujinga huo? Mtu mzima, umevuka bahari kwenda kusoma, unakaa kuniandikia kwamba unaacha masomo urudi Matogoro, eti umeshindwa kazi, na eti pengine siku ile mdogo wako Kasiani alitema dawa uliyompa. Koma! Shikamoo yako nimeipokea, hayo mengine yote nimeyakataa. Na usidhani nimeandikiwa na mtu. Huu ni mkono wangu, elimu ya watu wazima niliihudhuria mpaka mwalimu akaishiwa chaki.

Sasa sikiliza. Kasiani aliugua malaria tukiwa katikati ya kuvuna mahindi. Klorokwini niliinunua mwenyewe Mfaranyaki, katika yale maduka ya dawa yaliyokuwa yanaota kama uyoga. Wewe ulivisaga vidonge, ukachanganya na sukari kwenye kijiko, ukambana pua. Akakupiga teke la tumbo.

"Chungu, dada!"

"Meza, mwanajeshi wa bibi."

Hayo unayakumbuka kwa sababu yanakuuma. Yaliyofuata umeyatupa. Kesho yake si mwili mzima ulimuwasha? Klorokwini ilivyokuwa ikituwasha sisi! Alijisugua kwenye nguzo ya baraza kama mbuzi, analia, "Bibi, nikune!" Nikamlaza mapajani, nikamkuna mgongo kwa gunzi, wewe ukimkuna nyayo, mpaka akacheka. Dawa iliyotemwa haimuwashi mtu, Gunda. Aliimeza. Ilimwingia mwilini, na homa ikarudi vilevile, tukampoteza.

Kwa nini ilishindwa, wewe ndiye uliyenieleza. Krismasi ile uliyokuja nilikuuliza unasomea nini hasa, ukakata uzi wa shanga zangu bila hata kuomba. Ukasema protini ni kama uzi wa shanga unaojikunja wenyewe, na jinsi ulivyojikunja ndivyo unavyofanya kazi. Ukaniviringia kiganjani, ukaniambia huo ni mlango ulio ndani ya kijidudu cha malaria. Ukachomoa shanga nyeupe, ukatia ya bluu.

"Ona, bibi. Shanga moja tu, mlango umegeuka. Klorokwini ikiingia inatupwa nje."

Shanga zenyewe mpaka leo sijazipata zote. Moja kuku aliidonoa huku namwona.

Nikakuuliza, na hiyo kompyuta unayoshinda nayo inaingiaje hapo? Ukasema inauchora huo mlango, halafu inajaribisha dawa moja baada ya nyingine, ionekane ipi itaukaba usifunguke.

"Kwa hiyo inapika bila moto?"

"Haipiki, bibi, inakadiria. Wa kupika ni watu wa maabara."

Basi imekadiria, wamepika, dawa yako imekataa. Ndiyo unafunga mizigo? Mimi mvua imenidanganya miaka mingapi, mbegu zikaungua ardhini, nikashika jembe nikapanda tena? Ulitaka mashine ikuonee huruma?

Najua si hiyo dawa ya maabara inayokuliza, ni Kasiani. Ulikuwa mtoto wa kidato cha pili tu. Ulimsagia, ukamlisha, ukamkuna. Serikali yenyewe baadaye iliiacha hiyo klorokwini, wewe ungeishindaje kwa kijiko cha chai? Hakuna mikono iliyompenda mtoto yule kuliko yako, hata hii yangu, na mimi sipendi kushindwa.

Kila ninapokwenda kupalilia kaburini nazungumza naye. Namwambia, dada yako bado anakisaka kijidudu kilichokuua, anakisaka mpaka ndani ya mashine. Usinifanye mwongo mbele ya marehemu.

Nimekukumbuka, mjukuu wangu. Nikisonga ugali unakuwa mwingi, nusu yake wanakula kuku, na hawana shukrani. Likizo njoo, tule, tucheke, unilipe uzi wangu. Lakini kuja kujificha kwangu, hapana. Mlango wangu haufunguliwi kwa hilo.

Ukiimaliza barua hii usirudie kuisoma na kulia. Oga, kula kitu cha moto, kisha nenda kwa profesa wako leo hii, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba unaanza upya.

Bibi yako, mama wa mama yako