Nilifunga Fomu Mapema, Bibi Mwavita

Bibi Mwavita,

Shikamoo. Najua safari hii sitasikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Mimi mzima.

Ni wiki ya tatu tangu mpwa wako Asha aje wodini kutupa habari. Alisimama mlangoni na harufu ya dagaa wa mwaloni Kibirizi, akasalimia kila mtu. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri, wote wazima, ila bibi hatunaye. Ndivyo tunavyosema sote, na ninyi wa ng'ambo ya ziwa vilevile: kwanza nzuri, ndipo lije neno lenyewe. Nimekulia humo, Bibi. Ndiyo maana nashindwa kujisamehe.

Unaikumbuka ile fomu? Daktari alitaka kujua kama maswali yake yanapima kweli hali ya mgonjwa wa akili, kabla hayajapelekwa kambini kwa wakimbizi wenzako. Mimi niulize na kuandika, yeye azungumze na mgonjwa peke yake, kisha tulinganishe. Uliketi ukingoni mwa kitanda, kanga umeifunga vizuri kama mtu aliyepata mgeni. Wiki mbili hizi umekuwa na matumaini? "Kila wakati, mujukuu." Umekuwa na utulivu? "Kila wakati." Nikazungushia duara mpaka swali la mwisho, nikafunga kalamu, moyo mweupe. Hapo ndipo uliponishika mkono.

"Ila wanangu wananiita asubuhi," ulisema. "Wanasema nisikule mpaka wao wakule."

Wale wawili ambao boti yao haikufika Kigoma. Nilikusikia vizuri kabisa. Nilikupa pole, nikakushika bega, nikahamia kitanda cha pili, kwa kuwa fomu ilikwisha. Na kila asubuhi nilikuona ukimmiminia jirani yako uji wako wote. Nikasema bibi huyu ana roho nzuri.

Daktari alikuwa na wasiwasi nawe. Lakini watu walikuwa wakishuka bandarini kila siku, vitanda havitoshi, na karatasi yako ilikuwa nzuri kuliko zote. Akaniuliza mimi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba wodi nzima, mzima ni huyu. Ukaruhusiwa. Asha anasema alisonga ugali kila siku, na kila siku ulimwambia umeshiba.

Juzi nilimweleza Daktari yote. Aliitafuta karatasi yako, akaisoma, akasema fomu haziendi kambini kwanza. Hakunifukuza. Natamani angenifokea, labda ningeweza kulia.

Tumeanza upya. Nikishazungushia jibu la mwisho naweka kalamu chini, nakaa. Jana mzee mmoja wa Ilagala alinijibu maswali yote kwa uzuri, kama wewe. Tukakaa kimya mpaka chai yake ikapoa, ndipo akaanza kusema. Niliandika kila neno nyuma ya karatasi na kulipeleka kwa Daktari saa ileile. Mzee hataruhusiwa wiki hii. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kufurahi, maana hicho kikao kilikuwa haki yako.

Nakuahidi, Bibi, sitainuka tena kando ya kitanda cha mtu kabla hajafika kwenye neno lake. Hata wakiniambia foleni ni ndefu. Hata karatasi ikiwa nzuri namna gani.

Pumzika na wanao. Mle pamoja sasa.

Hapo juu nimekuandikia kwamba mimi mzima. Ila kila asubuhi uji ukigawiwa, nakiangalia kitanda chako, na uji wangu haushuki.

Mjukuu wako wa wodini,
Tatu