Nilivyowashukuru Wabunge

Mama,

Nina aibu, na huku Marekani, hapa Buffalo, sina mwingine wa kumwambia. Dada Neema kapiga simu mara mbili kutoka Columbus, sijapokea. Anataka kusikia nilivyosema.

Tangu uondoke, wabunge wa jimbo wamefika hapa mtaani kwetu Riverside. Bunge lao limefungwa mpaka Januari, na likifungwa wanazunguka kujifunza mambo kabla ya kutunga sheria. Safari hii walitaka kujua wagonjwa wasiojua Kiingereza wanahudumiwaje hospitali. Mchungaji akaandikisha jina langu. Alisema nisimulie habari zako tu: ulivyorudishwa nyumbani na dawa bila mtu wa kukueleza kwa Kiswahili, ukazichanganya, tukakuzika.

Nilijiandaa wiki nzima kazini kule ghalani, napanga maboksi huku midomo inatembea. Siku yenyewe nikavaa koti nililovaa siku ya kukuzika.

Mwenyekiti, mama wa makamo, akavua miwani, akaniuliza taratibu tatizo lilikuwa wapi. Mama, nikasimama kama tulivyosimama kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wageni wakija na magari meupe. Si ulitufundisha mwenyewe? "Wageni mnawashukuru kwanza. Wakichukia, mgao unapungua." Basi nikawashukuru. Nikaishukuru serikali, nikaishukuru hospitali, hata daktari nikamshukuru. Nikasema hatuna shida. Mkalimani walikuwa naye, tena mzuri, akatafsiri kila asante yangu. Mwenyekiti akangoja kidogo, kalamu mkononi, hajaandika kitu. Kisha akaita mwingine.

Nilitamani ardhi inimeze. Watu wa kanisa letu walikuwa wamekaa nyuma yangu, na hakuna aliyenitazama tukitoka.

Tangu siku hiyo nakuona wewe kwenye kile kitanda, nesi anaeleza, unaitikia kwa kichwa: "Asante, asante sana." Hukuelewa hata neno moja. Na mimi nilikuwa kazini. Sikukasirikii, Mama. Au nakukasirikia kidogo, unisamehe.

Watafanya kikao kingine hapo jirani, Kenmore, kabla Bunge halijafunguliwa. Nimemwomba mchungaji aniandikishe upya, na leo Neema akipiga nitapokea, nimwambie ukweli.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi nitasimama, na neno la kwanza litakuwa jina lako. Shukrani watazipata wakishatunga hiyo sheria.

Mwanao