Sahani ya Shemeji

Mama Salma,

Shemeji amekula. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mimi mwenyewe nimekula.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu uondoke. Jana Salma wako alisomesha hitma hapa nyumbani, watu wakajaa hadi barazani, na mimi nikapiga kelele mbele ya wageni wote. Nitafika huko. Lakini kwanza nina jambo la kuungama, na nikilikawiza nitaanza kuzungukazunguka, unanijua.

Nilisugua tangi la samaki.

Siku ile simu ilitoka hospitali alfajiri, na kufikia alasiri ulikuwa umeshazikwa. Yawa, Mama Salma! Kwetu Wajaluo mtu akifa tuna wiki mbili, hata tatu. Kuna mikutano, kuna hema la kukodi, kuna ng'ombe, kuna nguo za kushona za kufanana. Mtu analia huku anachambua mchele, na siku ya kuzika ikifika mikono imechoka na moyo umeanza kuzoea. Nyinyi mkaswali, wanaume wakabeba jeneza, likakata kona pale dukani, basi. Nikarudi sebuleni na mikono yangu hii ya kusukuma chapati, haina la kufanya. Na wageni wa kuhani walikuwa njiani. Nikatafuta cha kusafisha, macho yakatua kwenye tangi letu, kioo cha nyuma kijani, mawe nayo kijani.

Miaka tisa tumeishi nyumba moja hapa Mamboleo, chumba chako huku, changu kule, sebule yetu sote, na miaka yote tisa tumeugombania ule ukijani. Mimi nilisema watu watatuona wachafu. Wewe ulikuwa unanishika mkono wenye kitambaa, unasema, "Acha kioo, Mama Opiyo. Hiyo ni sahani ya mtu." Mtu mwenyewe ni fulu, samaki mdogo wa ziwani, urefu wa kidole, aliyekuja ndani ya kopo la mafuta ya kupikia kwa sababu hata paka wa ufuoni alikuwa amemkataa. Ukamwita Shemeji, kwa kuwa anakaa kwa watu, hachangii kitu, na bado anachagua chakula.

Siku hiyo hapakuwa na wa kunishika mkono. Nilitoa mawe yote nikayasugua kwa waya wa sufuria hadi yakatakata. Kioo nikakipangusa pande zote nne. Kisha nikaliona lile beseni lako barazani, la mawe yaliyolala juani ndani ya maji ya kijani, nikasema hili litatuletea mbu. Nikalimwaga mtaroni. Nililia vizuri wakati ule, nakwambia, na wageni wakalisifu tangi.

Sikujua kwamba nimemwaga chakula chake chote.

Wiki ya kwanza sikugundua. Wale samaki wekundu wa dukani walikuwa wanakula kwa fujo kama kawaida yao, nikadhani wote wanashiba. Wiki ya pili nikamwona Shemeji amejibanza nyuma ya bomba la hewa, anakwaruza kioo kitupu kwa mdomo. Anagusa, anasogea, anagusa tena. Hakuna kitu pale. Ndipo nikakumbuka wodini.

Nisamehe, Mama Salma. Ulinishika kidole ukasema, "Usimsahau Shemeji." Nami nikakujibu kwa ukali, "Fikiria kupona kwanza, achana na samaki!" Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako. Wenzangu huagana kwa sala, mimi nilikuaga kwa kukugombeza. Nikaapa pale pale sebuleni kwamba huyu hafi mikononi mwangu.

Basi nikaanza kupika. Unayajua majivuno yangu. Mimi ninayelisha stendi nzima, nishindwe na tumbo dogo kama punje ya kunde? Nikampa ugali uliofikichwa, akaugeuzia mgongo. Nikampa yai, wekundu wakalimaliza. Nikatwanga dagaa wa omena hadi wakawa unga, nikautia kwenye mrija wa soda na kumpulizia mbele ya mdomo. Akala! Nilipiga kigelegele peke yangu. Siku ya tatu tumbo lake lilikuwa limevimba na alikuwa anaogelea kiubavu.

Nikafunga kibanda changu cha chapati nikaenda ufuoni Dunga kumtafuta yule mama muuza samaki wa beseni jekundu, aliyetupatia Shemeji. Nilipomweleza alicheka hadi akaweka kisu chini. "Omena? Dada, huyo si wa nyama. Huyo ni wa kukwaruza mawe. Mnyime chakula siku tatu, kisha umletee mawe ya ziwa." Siku tatu! Kumnyima mtu chakula ndani ya nyumba yangu! Nilikuwa napita mbele ya tangi nimeangalia pembeni. Nilikasirika na wewe pia, nisikufiche. Miaka tisa unasema "sahani ya mtu", hukuweza kusema tu kwamba asipokula hiyo anakufa? Halafu nikajiambia, Rispa, huyo mwanamke alisema kila wiki. Ni wewe uliyedhani anatetea uvivu.

Siku ya nne nikarudi ziwani na ndoo. Mawe mazuri ni yale yanayoteleza, na niliyapima kwa makalio, maana niliteleza nikakalia maji na sketi yangu ya kanisani. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mathe, unajenga?" Nikamwambia ndiyo, naandaa meza.

Nikaliweka jiwe la kwanza. Wekundu wakalivamia wote wanne, Shemeji akarudi nyuma ya bomba lake. Nikaketi nikakata tamaa. Na hapo, sijui kwa nini, nikauona mkono wako. Ulikuwa unagonga kona ya kushoto kwa pete yako, ti ti ti, unawamwagia wekundu chakula chao hapo, na mkono mwingine unatelezesha jiwe kona ya kulia. Kila siku baada ya chai ya saa kumi. Mimi nilidhani unacheza nao.

Nikagonga kwa kijiko. Wekundu wakakimbilia kushoto. Shemeji alikawia, nikadhani hatoki kabisa, kisha akatoka pole pole, tumbo limenywea, akauweka mdomo kwenye jiwe. Akaanza kukwaruza. Alikuwa anaacha michirizi myembamba kwenye ukijani, nami nikabaki hapo hadi miguu ikafa ganzi. Siku hizi beseni lako limerudi barazani, mawe sita juani, nimelifunika kwa neti ya mbu, usinicheke. Jiwe moja huchukua kama wiki kushika kijani.

Sasa jana. Wanawake walikuwa wanapakua pilau, Salma akaona kioo cha nyuma kimeanza kushika rangi. Akachukua kitambaa. Binti mwema, hakutaka nyumba ya mama yake isemwe. Nilivuka sebule nikamshika mkono mbele ya mashangazi zake wote, nikapaza sauti, "Acha kioo! Hiyo ni sahani ya mtu!"

Salma aliniangalia, akakiangalia kioo, akaketi mkekani na kulia. Shangazi yake aliniambia baadaye kwamba tangu msiba alikuwa hajatoa chozi. Nikaketi naye. Alipotulia aliniuliza ulikuwa unawalisha vipi, nikamwonyesha kona. Hakutaka kijiko changu. Aligonga kwa pete yako, aliyokuwa ameivaa.

Ti ti ti. Mama Salma, Shemeji alitoka kabla hata sijashika jiwe. Alitoka moja kwa moja hadi mbele ya kioo, akasimama, akawa anaangalia nje.

Leo asubuhi Salma amerudi Nairobi, na pete ameiacha juu ya kifuniko cha tangi. Kidole changu haikiingii, nimejaribu hata kwa sabuni. Kwa hiyo nimeifunga kwa uzi kwenye mpini wa kijiko. Usicheke. Saa kumi nimegonga, na ametoka.

Pumzika sasa. Nilikujibu vibaya wodini, na jibu lenyewe lilikuwa fupi tu: sitamsahau. Nikiishi mimi, sahani yake haioshwi.

Wa sebule moja nawe,
Mama Opiyo