Nyuki Wako Wameajiriwa

Baba Monika, mume wangu,

Tulia huko uliko, nakuletea habari njema. Nyuki wako wameajiriwa! Usicheke. Yule Mgiriki mwenye shamba la alizeti, ambaye msimu uliopita maua yake yalitoa mapepe matupu, maganda bila kiini, sasa anamlipa binti yetu ili mizinga ikae shambani wakati wa maua, nyuki wamzalishie mbegu. Asali inabaki yetu. Nimewatangazia watu kanisani, hata wasioniuliza. Monika wangu!

Lakini tulitoka jasho. Matanga yako hayajaisha, mdogo wako Petro akasema, "Mwanamke na mzinga wapi na wapi? Hiyo kazi ya alizeti ikimshinda, mizinga yote naichukua." Monika naye akaanza vibaya, akapakia mizinga ya kwanza kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Barabara ile unaijua. Masega yakakatika, asali ikavuja, nyuki wakahama. Nililia, mume wangu, nililia kama siku ile... basi.

Monika akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anatembeaje akibeba mzinga?"

Nikasimama uani nikamwonyesha: magoti laini, bega halichezi, ule mwendo wa babu yako aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Na nilivyokuwa nikikucheka! Majirani walidhani nimerukwa na akili. Jioni vijana wa jirani wakaziba kwa nyasi milango ya mizinga iliyobaki, wakaifunga kwenye miti ya kubebea, wawili wawili, mti begani, wakaipeleka shambani kwa mwendo wako huo huo.

Kesho yake niliogopa kwenda kuangalia. Nikaenda. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, miguu imejaa unga wa maua, kama wenyeji.

Sasa alizeti imekomaa. Nimefikicha kichwa kimoja kwa mikono yangu, mbegu zimejaa mpaka katikati. Nimepumua, Baba Monika. Petro alipokuja juzi nilijua kafuata mizinga. Kumbe! "Shemeji, mkihamisha tena mnipange na mimi kubeba." Nikamwambia atembee kwanza nimwone. Anayumba kama bata! Monika amemwambia ajifunzie kwanza na debe la maji.

Pumzika, mume wangu. Mzinga wako wa kwanza, ule ulio juu ya mninga nyuma ya nyumba, hatutamkodishia mtu. Nakuahidi, huo hauendi kazini. Utakaa nyumbani na mimi.

Mkeo,
Mama Monika