Spika Zilizopandishwa Ukutani

Mama Hellen,

Ndizi ziko jikoni, zifunike. Mkataze Baraka asiingie chumba cha muziki, ukuta bado unameguka. Asubuhi spika ya kushoto imeng'oka na vyuma vyake na tofali lake, ikaangukia deki, na kaseti ya Hellen akiimba na kwaya ilikuwa ndani. Ulisema tofali bichi likilowa mvua halishiki msumari. Mimi nikakucheka, eti nimepiga lipu ya saruji.

~~Kwaya watarekodi tena.~~ Kwaya watarekodi, lakini mwanetu tumeshamzika.

Naupeleka mkanda Tukuyu kwa fundi redio, ingawa umekatika vipande vipande. Msinisubiri kula. Spika nilizipandisha ukutani ili umsikie Hellen hata ukiwa jikoni.

Baba Hellen