Kumtafuta Deo kwa Mashine ya Koku

Jumanne, 10 Juni

Deo amezama. Nimeandika hilo kwanza, hata habari ya kahawa sijaigusa. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Jumapili mchana alishuka bondeni kutega nyavu kwenye ziwa letu, upepo ukavuma, mtumbwi ukaonekana umepinduka karibu na mafunjo. Yeye hayupo. Siku ya tatu leo.

Nilikuwa nageuza kahawa juani walipokuja kuniambia. Kahawa bado iko pale pale kwenye mikeka. Kwetu hapa Bugomora, mtu wa nyumba akifa hatushiki jembe mpaka azikwe. Huyu tutamzika lini?

Mama hali. Amekaa kwenye nyasi tulizotandika sebuleni, anatazama mlango. Uji vijiko viwili, basi.

Nimempigia Koku wangu simu.

Jumatano, 11 Juni

Koku kafika! Binti yangu anaendesha boti ya hoteli kule Ziwa Victoria, anawapeleka wageni wanaovua samaki kwa starehe, wanawapiga picha na kuwarudisha majini. Mwanamke peke yake kati ya madereva wanaume. Nani mwingine hapa ana mtoto kama huyo? Nimewaambia wote waliokuja msibani. Waliokwisha kusikia nimewarudia.

Amekuja na mashine ya kutafutia samaki, kaiazima kazini. Kioo kama simu kubwa, kidude cheusi cha kuzamisha majini, na betri ya pikipiki. Nikawatangazia watu kwamba hiyo inaona mpaka chini ya ziwa. Koku akanivuta pembeni.

"Mama, haioni. Inapiga sauti, inasikiliza ikirudi. Usiwaahidi watu."

Nikamwambia we fanya kazi yako, mimi namjua niliyemzaa.

Baba mkubwa Laurenti, ndiye mkubwa wa ukoo, akaguna. "Sasa tunatafuta maiti kwa redio."

"Redio hiyo itakufunga mdomo, baba mkubwa." Nilimjibu hivyo mbele za watu. Sikuona aibu.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeingia ziwani watatu. Baba Koku kwenye kasia, Koku kwenye mashine, mimi nimepakata betri isiingie maji. Shule yangu iliishia darasa la saba lakini nimeelewa. Naandika kabla sijasahau.

Kuna sauti nyembamba na sauti nene. Sisi hatuzisikii. Kwenye kioo nyembamba imeandikwa mia mbili, nene hamsini. Nyembamba inashuka imebanwa. Kwenye maji ya mita kumi inagusa chini mahali padogo, kama mkeka mmoja wa kahawa. Lakini inachora sawasawa. Samaki wawili wakikaribiana inawatenganisha. Nene inatawanyika. Inagusa mahali pakubwa kama uwanja wetu wote wa nyumba, inafika kina kirefu, hata kwenye tope inapenya kidogo. Ila inachora ovyo. Vitu viwili inavifanya kimoja, na haikwambii kiko kona ipi ya uwanja.

Nikasema basi ni kama kanisani. Ngoma yetu inasikika mpaka ng'ambo ya kilima, ila huko ng'ambo hujui tunaimba wimbo gani. Waimbaji wa sauti ya kwanza, ile nyembamba, ukikaa karibu nao unapata kila neno. Koku akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumapili.

Ipo na ya tatu. Inaanza chini, inapanda mpaka juu kwa pumzi moja, kama mwalimu wa kwaya anapotupatia sauti. Anasema hiyo ni safi kuliko zote. Inataka kidude kingine, na hakukipata.

Kazi inakwenda hivi. Nene kwanza. Ukiona kitu, unasimamisha mtumbwi, unabana kwa nyembamba. Husemi kitu kabla hujabana.

Leo hatukuona kitu. Samaki tu, na nyasi.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna. Kutoka asubuhi mpaka jua la saa kumi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama kupalilia mistari ya maharage.

Watu wanasema angekuwa ameshaelea mwenyewe. Labda mafunjo yamemshika. Labda tope. Mgongo unauma. Macho ya Koku mekundu kwa kile kioo.

Mama kauliza kitu kimoja tu: mmemwona? Nikasema kesho, mama. Nikasema Koku hashindwi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefanya jambo baya.

Saa tatu asubuhi, Koku akiwa kwenye sauti nene, kikatokea kitu chini. Kirefu. Kigumu. Urefu wa mtu kabisa. Koku akasema, "Kuna kitu. Baba, shikilia hapo hapo. Ngoja nibane."

Sikungoja. Nikasimama mtumbwini, nikawapigia kelele watu waliokuwa ufukweni: "Tumempata! Koku kampata!"

Wakaanza kulia palepale. Wengine wakapanda mlima mbio. Nyuma yangu nasikia Koku ananiita, "Mama. Mama, kaa." Akabonyeza. Nikageuka kutazama kioo. Nyembamba ikachora. Kile kitu kilikuwa na matawi.

Wanaume walikuja na mtumbwi mwingine, wakashusha kulabu hata hivyo, kwa kuwa mimi, mama yake Koku, nilishasema. Likapanda tawi jeusi, limeoza.

Tulipofika nyumbani jeneza lilikuwa limeshaletwa. Ndizi zimeshamenywa. Mama amesimama mlangoni kavaa khanga safi, kaoga. Alikuwa hajasimama tangu Jumapili ile. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba lilikuwa tawi. Hakulia. Alirudi kwenye nyasi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda ibadani. Aibu. Ninajichukia.

Jeneza limesimamishwa ukutani, limefunikwa shuka. Linatuangalia.

Koku hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepita nyumba kwa nyumba, kila mahali habari ya juzi ilikofika. Shikamoo, marahaba, halafu naanza: nilisema uongo, ulikuwa mti. Si kosa la Koku wala la mashine. Yeye alitaka kuhakikisha, mimi nikamtangulia. Mwanamke mmoja akaniambia, waitu, ndugu yangu, hata mimi ningepiga kelele. Mwingine akaendelea kupepeta na ungo wake.

Mwisho nikaenda kwa baba mkubwa Laurenti. Nilijua atanisema. Akanipa kigoda. "Kaa, binti yangu. Ulikuwa unamtaka mdogo wako." Nililia pale kwake kama mtoto.

Anasema sasa inatosha. Tufanye walivyofanya wa zamani mtu akipotelea majini: tuzike mgomba. Tuuvike nguo zake, tuusomee sala zote, msiba uishe, watu washike majembe.

Nimepeleka neno kwa mama. Amekataa. "Sikuzaa mgomba." Neno hilo tu.

Jumanne, 17 Juni

Ziwani tena. Koku na baba yake peke yao. Hakuna.

Mashine inatakiwa kazini Jumatatu. Mama leo hata uji kaukataa. Naogopa tutazika wawili.

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi mama kasema anataka kwenda ziwani. Miguu yenyewe haina nguvu. Baba Koku kambeba mgongoni mpaka bondeni.

Tukamkalisha katikati ya mtumbwi, nikamshika kiuno. Tulipofika pale mtumbwi wa Deo ulipoonekana, Koku akashusha kidude, akamgeuzia bibi yake kioo. Akaweka sauti nene.

Mama akatazama muda mrefu. "Ndiyo chini hapo?"

"Ndiyo, bibi. Huo mstari mpana ni tope."

"Tope la mawe?"

"Laini, bibi. Mawe hamna."

"Na hivi vinavyopita?"

"Samaki."

Maji yalikuwa yametulia, upepo hakuna. Kisha akauliza tulichokuwa tunakiogopa wote. "Yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimsaidie mwanangu, nikaufunga.

Koku akasema, "Sijui, bibi. Yumo humu. Mahali penyewe sijui."

Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo. Mkono wake ulikifunika chote. Alipouondoa akasema, "Kumetulia. Mimi nilidhani kuna giza na makelele." Halafu akamwambia Baba Koku, "Nirudishe. Kachimbeni."

Alhamisi, 19 Juni

Mama amekula ndizi mbili na mchuzi wa maharage.

Mgomba tumeuchagua kwenye shamba la Deo mwenyewe, nyuma ya choo, ule alioupanda mwaka aliojenga. Baba mkubwa Laurenti ataukata siku yenyewe. Nimefua shati lake la bluu. Kifungo kimoja hakipo, nimeshona kingine.

Koku kaifuta mashine, kaifunga kwenye taulo. Nimemtazama akiikunja ile waya polepole. Mwanangu hodari. Sijamwambia mtu yeyote leo. Naandika hapa tu.

Kahawa ya juu imeoza, ya chini itapona. Jumatatu tutashika majembe.

Nimewapigia simu ndugu wa Chonyonyo na wa Nyabiyonza. Sikuongeza neno. Mwili hatukuupata, tunazika mgomba. Wote wanakuja Jumamosi, tarehe 21, saa nne asubuhi.