Darubini Inavuta Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa darubini mpya ya bunduki ya mdunguaji. Hatimaye! Mwaka mzima nimejaribu milango na ngazi tu za gemu letu la kompyuta – mlango unafunguka? ngazi inapandika? Darubini ameiandika kaka. Kaka yangu wa tumbo moja, fundi wa programu, ndiye aliyeniingiza hapa kazini.

Mita mia tatu: katikati. Lakini nikibonyeza kitufe cha kubana pumzi, ili picha itulie, risasi inakwenda kushoto. Nimemwambia. Kacheka. Eti mkono wangu huo.

Jumanne, 4 Machi

Risasi mia mbili. Nikibana pumzi, kushoto. Nisipobana, sawa. Nimetuma ripoti. Imerudi: "Haijathibitika." Nimetuma tena, na klipu ya video. Imerudi kabla chai yangu haijapoa. Anayezirudisha ni kaka mwenyewe. Labda kazi imemzidi – gemu linatoka mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kaniita. Sauti ya upole, mlango kaufunga – nikajua kuna jambo. Eti ni kweli jicho langu la kushoto lilipasuliwa utotoni?

Jicho langu! Hapa kazini hakuna anayejua. Anajua mama, anajua kaka. Basi.

Bosi anasema kaka kamweleza kwa nia njema tu. Nilete barua ya daktari wa macho. Kwa sasa nirudi kwenye milango.

Nimeingia chooni, nikafungulia bomba ili nisisikike.

Nilikuwa na miaka sita. Siku tisa nimefungwa bandeji macho yote mawili. Kaka alikaa kitandani kwangu akinisimulia yanayopita dirishani: mbwa wa miguu mitatu, mwanamke aliyebeba kioo kikubwa chenye mawingu ndani. Yule mwanamke nilimwona kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote. Leo ndiyo mara ya kwanza najiuliza kama kweli alipita.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari: kwa miwani yangu, skrini naiona vizuri kabisa. Akauliza nani kaniambia sioni. Nimechukua barua, nikaondoka.

Mchana, wenzangu wakila, nimeielekeza bunduki kwenye shabaha na kuandika amri kompyuta ibane pumzi na kufyatua yenyewe. Bila mkono wangu. Bila jicho langu. Risasi mia – zote kushoto, tundu moja!

Halafu nikafungua kumbukumbu za mabadiliko ya programu. Tarehe 19 Februari, jina la kaka: "Kubana pumzi kunavuta kushoto. Iachwe hadi gemu litoke."

Alijua. Sijaigusa hata hiyo bunduki, yeye alishajua.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Kaka nimemkuta barazani anafunga kamba za viatu vya mwanawe. Nikamwonyesha klipu kwenye simu. Ile kumbukumbu sikuitaja – sijui kwa nini. Nilitaka aseme mwenyewe.

"Kwa nini jicho langu?"

"Nilibanwa, mdogo wangu. Darubini ikirudishwa kwa kosa, naondoka kazini mimi."

"Kwa hiyo niondoke mimi."

"Usiseme hivyo. Nipe mpaka kesho. Kwenye kikao nitasema yote."

Mama kaita kutoka ndani: mnanong'ona nini huko?

"Kazi tu, mama," kaka akasema.

Na mimi nikasema, "Kazi tu."

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Watu kumi na mmoja. Kaka kasimama, kafyatua risasi tano. Katikati, zote! Kairekebisha jana usiku. Eti kagundua kosa mwenyewe, akipitia kazi yake. Halafu, kwa tabasamu: mdogo wangu alihisi kitu, ila hakuweza kukiona vizuri.

Wamecheka. Si kwa ubaya. Hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

Bosi kaniuliza kama nina la kuongeza. Nimeomba dakika tano.

Niko kwenye ngazi za nyuma. Nimeshachapa ile kumbukumbu ya tarehe 19, karatasi iko magotini chini ya daftari hili. Mlango umefunguka – kaka. Kakaa ngazi moja chini yangu, kanipa mgongo. Kola yake imekunjika vibaya na nusura niinyooshe.

Hajaomba radhi. Kauliza kitu kimoja tu, polepole:

"Mama umeshamwambia?"

Juu huko wananiita. Bado anasubiri nijibu. Bado naandika.